Makoti Matatu ya Wakili Mtandika

Ipo nchi moja, jina lake sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Jina lenyewe liko kwenye marekebisho, na mpaka litakaporudi tumeambiwa tuseme "nchi" tu, tutaelewana.

Katika nchi hiyo kila raia ana haki ya kuchagua. Imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa wetu, mahali wanapoegemeza pikipiki. Kwa kuegemezwa egemezwa neno la mwisho limefutika, kwa hiyo sasa pamebaki RAIA ANA HAKI YA, na kila mmoja anamalizia mwenyewe kimoyomoyo akipita.

Mimi na mama yangu, Bi Tatu, tulikuwa wapangaji wa Mzee Chande. Vyumba viwili na ua. Katika chumba cha nyuma ndimo nilimozaliwa. Uani pana mlimao ambao mama aliupanda mwaka nilioanza kutembea, akaumwagilia maji ya kuoshea mchele hadi ukazaa. Kila alfajiri alikaa kizingitini na chuma chake cha vitumbua, na mtu akimwuliza, "Bi Tatu, kwenu wapi?" alijibu, "Hapa nilipokaa."

Mzee Chande alikuwa na miaka themanini na minne na kifua kilichombana. Alilala chumba cha uani cha nyumba ya jirani, nayo yake. Mwanawe wa kike alikuwa akimwita kila siku akaishi naye mkoani. Mwezi wa pili mzee alikuja na bakora yake, akaketi juu ya mbuzi ya mama ya kukunia nazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Bi Tatu, nyumba hii nakuuzia wewe," alisema. "Wamekuja watu wana bei kubwa, nimewafukuza. Nimewaambia nyumba ina mwenyewe, mimi nimeshika hati tu."

"Mzee, bei tutaiweza?"

"Mtaniambia mlichonacho, hiyo ndiyo bei. Ila fanyeni upesi. Malaika ameshaniulizia mara mbili, na mara ya pili aliniita kwa jina la ukoo."

"Mwambie akusubiri, ana haraka gani, hana watoto," alisema mama, na wote wawili wakacheka mpaka mzee akaanza kukohoa.

Fedha tulikuwa nayo. Ilivyopatikana ni hadithi nyingine na haichekeshi. Kilichobaki kilikuwa sheria.

Nyumba katika nchi hiyo hainunuliwi kama fungu la nyanya. Sheria inataka mawakili watatu wa mtaa huohuo. Wa kwanza ni wa mnunuzi. Wa pili ni wa muuzaji. Wa tatu ni wa Mtu Anayeweza Kujitokeza. Huyu hana jina wala sura, lakini serikali imemfikiria: huenda siku moja akajitokeza akasema na yeye alikuwa na nia na nyumba ile, na itakuwa aibu kwa taifa zima akikuta hana wakili. Sisi wenye majina serikali haikutufikiria sana, kwa sababu tulikwisha kujitokeza.

Tena muuzaji akifa kabla ya sahihi ya mwisho, nyumba inakwenda kwa Mtu Anayeweza Kujitokeza. Haiwezi kwenda kwa mnunuzi, maana hajamaliza kununua. Haiwezi kwenda kwa watoto wa marehemu, maana marehemu alikwisha kuanza kuuza. Niliisoma mara tatu nikidhani darasa la saba langu ndilo linalonipotosha. Nikampa mwalimu mmoja aisome, naye akaniambia, "Umeelewa vizuri, binti. Ndiyo ubaya wake."

*

Mwezi huohuo Mtaratibu wa Mtaa, Bwana Kitwana, aliita mkutano wa kuzindua kijitabu cha serikali, *Mchague Wakili Wako kwa Uhuru: Mambo Saba ya Kuzingatia*. Alipanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu wananchi! Mkoloni alitupa wakili mmoja. Mmoja! Umpende usimpende, ni huyohuyo. Leo serikali yenu sikivu imewapa watatu, hapahapa mtaani! Nitajieni nchi jirani yenye watatu."

Tulipiga makofi. Kinyozi mmoja alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, hao wawili wapya wameshuka lini? Stendi tunakaa siku nzima, hatukuwaona."

"Hawakushuka popote," alijibu Bwana Kitwana. "Wamepatikana humuhumu ndani. Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea."

Nilikuwa nimeliona gari la wizara juma lililotangulia. Lilishusha ndoo tatu za rangi ya milango na mfuko wa nailoni wenye makoti mawili, moja la kijivu, moja la kahawia. Nilidhani ni ya msaada.

Jambo la kwanza katika kijitabu lilisema: *Waulize majirani wakupendekezee wakili waliyemwamini.* Nikawauliza. Mama wa duka la mkaa aliniambia, "Mwanangu, ingia mlango wowote, utamkuta." Fundi cherehani akasema, "Yule wa kijani mzuri. Yule wa bluu mbaya. Yule wa njano sijui. Lakini mkewe ni mmoja." Nikaandika yote kwenye daftari kama kijitabu kilivyoshauri.

Jambo la pili: *Usimchukue wa kwanza utakayekutana naye. Walinganishe watatu.*

Ofisi za mawakili zilikuwa katika jengo moja refu, zamani ghala la pamba. Milango mitatu ilikuwa imepakwa rangi upya na kila mmoja una kibao. Wa kijani uliandikwa MTANDIKA, WAKILI. Wa bluu uliandikwa B. MTANDIKA, WAKILI. Wa njano uliandikwa MTANDIKA B., WAKILI. Nikajisemea, ukoo uliosoma huu.

Niliingia wa kijani. Karani, dada mmoja aitwaye Rozalia, aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, aliniketisha kwenye benchi. Wakili Mtandika alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na alinukia peremende. Nilimwuliza swali la kijitabu: "Je, utanipa habari mara kwa mara jinsi shauri linavyokwenda?"

"Binti," alisema kwa upole mpaka nikaona haya, "mimi mteja wangu ni kama mama yangu mzazi."

Nikashukuru, nikatoka, nikaingia wa bluu. Rozalia alikuwapo, kitambaa cha bluu, anahema kama mtu aliyekimbia. Aliniketisha kwenye benchi ambalo bado lilikuwa na joto langu. Wakili B. Mtandika naye alikuwa mrefu, koti la kijivu, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, ananukia peremende. Nikamwuliza swali lilelile.

"Umetoka kwa yule wa koti jeusi?" aliuliza akikunja uso. "Nakuonea huruma. Yule ni mwongo. Anachukua shauri lako, analilalia. Anakuita mama yake mzazi, na mama yake mzazi mwenyewe hajamtembelea tangu alipopata gari."

Katika mlango wa njano wakili wa koti la kahawia hakungoja swali langu. Alinitazama, akauliza tu nyumba yenyewe iko upande gani, na ua wake una hatua ngapi. Nikamwambia. Akaandika.

Nikarudi nyumbani nikamsomea mama daftari. Mama alisikiliza akichagua mchele.

"Chukua wa koti jeusi," aliamua. "Yule wa kijivu anasengenya. Mtu anayemsengenya mwenzake mbele ya mgeni hafai."

Ndivyo tulivyomchagua wakili wetu kwa uhuru. Siku nyingi baadaye niligundua kwamba wa koti la kijivu ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia ukweli katika jengo lile, na alikuwa anajisema mwenyewe.

*

Mzee Chande, kwa kuwa wakili wa mnunuzi hawezi kuwa wakili wa muuzaji, aligawiwa wa koti la kijivu. Mtu Anayeweza Kujitokeza akapewa wa kahawia. Fedha yetu tukaikabidhi mlango wa bluu, kazi ikaanza.

Kazi ilikuwa hivi. Wakili wa koti jeusi alimwandikia barua mwenzake wa kijivu. Kumpa mkononi ni marufuku, maana mawakili wa pande mbili hawatakiwi kuzoeana. Kwa hiyo barua ilipelekwa posta, ikapanda basi mpaka mji mkuu, ikagongwa muhuri, ikarudi na basi lilelile. Siku kumi na nne. Kisha wa kijivu alimjibu. Kumi na nne nyingine. Kisha wa kahawia alitoa maoni ya mtu ambaye hajajitokeza. Kumi na nne.

Nilikwenda kila Jumatatu nikakaa kwenye benchi. Mimi kukaa naweza. Ndani kulikuwa na chumba kimoja na pazia, na meza moja ambayo Rozalia aliigeuza upande kulingana na mlango mteja aliopitia. Siku moja pazia lilikuwa limeachwa wazi, nikamwona wa koti la kijivu akifungua barua niliyomwona wa koti jeusi akiilamba na kuifunga. Aliisoma polepole. Akasonya.

"Ona lugha anayotumia huyu mtu!" alimwambia Rozalia. "Hana hata adabu."

"Pole, mheshimiwa," alisema Rozalia. "Nimwite?"

"Usimwite! Tutaonana naye kwenye maandishi."

Mzee Chande alikuwa akija jioni kuuliza. Kila safari bakora iligonga chini kwa nguvu zaidi na miguu ikaburuza zaidi.

"Barua imefika wapi, Havijawa?"

"Iko mji mkuu, babu."

"Mji mkuu! Mimi nimeishi miaka themanini na minne sijafika, barua yangu imefika. Haya. Mimi nakufa taratibu, msiwe na wasiwasi. Naona na malaika naye anasubiri muhuri."

*

Siku ya arobaini na tatu barua ziliisha. Tukaitwa kutia sahihi, mlango kwa mlango, wa kijani kwanza, kisha wa bluu, kisha wa njano. Baada ya hapo nyumba ingekuwa yetu. Mama alivaa kanga mpya, doti ambayo hakuwahi kuikata tangu Idi. Mzee Chande tulimkodia bajaji.

Katika mlango wa kijani mama alimwamkia wakili wetu, "Shikamoo, mheshimiwa." Mama anamzidi miaka kumi na mitano, lakini koti ni kubwa kuliko umri. "Marahaba," alijibu bila kuinua macho. Alikuwa na mafua siku hiyo, anakohoa kila neno la pili. Mama akafungua kikapu chake, akamtolea chupa ya chai ya tangawizi.

"Kunywa baba, ingali moto. Kifua si kitu cha kukifanyia mzaha."

Akaipokea. Mama akaweka dole gumba. Mzee akaweka lake. Tukatoka nje, tukasimama juani mbele ya mlango wa bluu, tukisikia ndani hatua zikikimbia na meza ikiburuzwa. Rozalia akachungulia akifunga kitambaa cha bluu, akaninong'oneza:

"Mdogo wangu, mwambie mama. Akiingia humu hamjui mtu. Salamu mpya, uso mpya. Kifungu cha tisa."

Nikamwambia mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Naapa aliitikia.

Tukaingia. Wakili wa koti la kijivu alikuwa ameketi, jasho linamtoka, kikohozi kimemkaba, macho yamemtoka machozi. Mama alimtazama. Nilimwona akijizuia, midomo kaibana. Wakili akakohoa tena, kile kikohozi kikavu cha mtu anayehitaji kitu, na mama yangu akashindwa.

"Pole baba," alisema. "Ile chai hukuimaliza?"

Nilimkanyaga mguu, nimechelewa.

"Chai ipi, mama?" aliuliza wakili taratibu.

"Si hiyo niliyokupa hapo mlango wa kwanza, baba. Umeiacha wapi?"

Aliweka kalamu chini. Nadhani hata yeye alisikitika kidogo, maana alijifuta macho kwanza. Kisha akafungua kitabu cha sheria akasoma kifungu cha tisa kwa sauti ya mkutanoni: mteja atakayemtambua wakili nje ya koti lake amevunja usiri wa pande zote, na jalada litaanza upya kuanzia barua ya kwanza.

"Yaani siku ngapi?" niliuliza.

"Arobaini na mbili. Zikienda vizuri."

"Lakini ni kweli ni wewe!" alisema mama. "Nimekaa na mtu asubuhi, nimemgusa mkono, adhuhuri nimpite kama nguzo? Anaumwa namwona, nimkaushie? Mimi sikulelewa hivyo, baba. Wewe ulilelewa hivyo?"

Wakili alifunga kitabu. Swali lile halikuwa la koti lake.

Mzee Chande aliyekuwa ameegemea ukuta akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika. "Arobaini na mbili," alisema. "Havijawa, chukua karatasi. Mwandikie malaika barua. Mpitishie posta."

Tulipofika nyumbani mama alikaa kizingitini na kanga yake mpya, mikono juu ya magoti. "Nimekuponza, mwanangu," alisema. Nikamwambia hapana. Nilisema hapana mara nyingi sana, mpaka likawa halina maana.

*

Mzee Chande alifariki siku ya thelathini na moja ya hesabu mpya, Alhamisi, barua ya tatu ikiwa kwenye basi. Mama ndiye aliyemfumba macho na kumnyoosha vidole vya miguu, kama alivyokuwa akimtania siku zote kwamba atamfanyia.

Wakili alikuja mazikoni na koti la kijivu, maana marehemu alikuwa mteja wa koti hilo. Alilia. Siwezi kusema yalikuwa machozi ya uongo. Nilimtazama kwa makini, na yalikuwa maji ya kweli. Watu walipoanza kuondoka nikamwona nyuma ya gari lake akilivua, akilikunja vizuri, akivaa la kahawia. Binti wa marehemu, aliyefika akiwa na vumbi la safari usoni, alipewa rambirambi na kijitabu cha Mambo Saba.

Jumatatu tuliletewa barua. Hii haikupanda basi, ililetwa kwa mkono, siku hiyohiyo. *Napenda kuwafahamisha kwamba mteja wangu amejitokeza. Mnapewa siku saba.*

Nikakimbia mlango wa kijani. "Wakili wetu, soma!"

Alisoma, akaipiga meza ngumi mpaka kalamu zikaruka. "Hii ni dhuluma!" alisema. "Miaka yangu yote ya sheria sijaona unyama kama huu. Yule wa kahawia hana utu, binti. Hana utu! Nitamwandikia barua kali sana."

"Itafika lini?"

"Siku kumi na nne."

"Sisi tumepewa saba, baba."

"Ndiyo," alisema kwa huzuni kubwa. "Ndipo unapoona jinsi alivyo mjanja."

Nikamwuliza kuhusu fedha yetu. Akanieleza kwamba iko salama kabisa. Iko upande wa muuzaji. Ila upande wa muuzaji, kama ninavyofahamu, umefariki.

Bwana Kitwana nilimkuta kwenye kreti lake la soda, safari hii amelikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. "Havijawa," alisema, "ulichagua mwenyewe au kuna mtu alikulazimisha?"

"Nilichagua mwenyewe."

"Basi ona. Wenzako katika nchi nyingine wanadhulumiwa bila kuchagua."

*

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumepata chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, pale ambapo unga unakaa juu ya kila kitu hata ukifunga dirisha. Vyombo vilikuwa vichache: kitanda, masufuria, chuma cha vitumbua, mbuzi ya nazi ambayo mzee aliikalia siku ile. Mlimao hauhamishiki. Mama aliumwagilia asubuhi kama kawaida, sikumwuliza kwa nini.

Saa nne akaja mtu mrefu na futi ya fundi mkononi. Hakuwa na koti. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi na kandambili, na bila koti mabega yake yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Peremende.

Alizunguka ua, akahesabu hatua. Akafika kwenye mlimao, akakwanyua limau moja, akalinusa. Ndipo akaja kizingitini alipokaa mama, na kwa mara ya kwanza tangu tulipojuana naye aliinama kidogo, kama mtoto wa watu aliyefunzwa kwao.

"Leo sikuja kama wakili, mama," alisema. "Nimekuja kama raia tu, kama jirani. Shikamoo, mama."

Wabeba mizigo wawili walisimama na kitanda mikononi. Mama wa duka la mkaa, aliyekuja kutusaidia, akaacha kufunga kanga. Kwetu shikamoo haikataliwi. Hata mwizi akiitoa anaitikiwa, kisha ndipo anapigiwa kelele.

Mama aliinua uso akamtazama. Alimtazama kutoka kandambili mpaka kwenye kovu, bila haraka, kama anavyotazama mchele.

"Samahani, baba," alisema. "Mimi nawe hatujuani."

"Mama, ni mimi. Mtandika. Uliniletea chai."

"Mimi? Sikumbuki kukuona." Akasimama, akakung'uta kanga. "Tena usinitie makosani, mwanangu. Kukujua nje ya koti ni kifungu cha tisa."

Akaniashiria nichukue chuma cha vitumbua, yeye akajitwika mkeka. Tulipofika kona niligeuka. Alikuwa bado amesimama kizingitini, limau mkononi, ameinama vilevile, anangojea marahaba yake.